Kisutu Msituni

Kama kuna jambo lililonishinda tangu utotoni ni kusubiri. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Basi fikirieni hali yangu Jumapili ile. Nimekaa kwenye benchi penye lango la msitu wa Mkomba, Baba ubavuni mwangu, na mwanamume ninayempenda yuko ndani ya miti na hatoki.

"Saa ngapi, Baba?"

"Tano na dakika hamsini," akanijibu. "Uliponiuliza mara ya kwanza ilikuwa tano na arubaini na nane."

Mpango wote ulikuwa wake. Mara ya kwanza Najib alipoitwa nyumbani kwetu Likoni ajieleze, aliambiwa aje baada ya Alasiri. Alikuja baada ya Isha, matope hadi magotini. Ati mnyororo wa baiskeli ya mteja ulikatika huko msituni, naye hakuweza kumwacha mtu porini. Baba alimnywesha kahawa, akamwachilia arudi kwao Mjambere bila kumpa neno. Kijana alipoondoka ndipo aliponigeukia.

"Mtu anayechelewa siku ya kutaka, siku ya kupewa atakuja lini?"

Safari hii akasema hangoji mtu barazani tena. Angekuja mwenyewe amwone huyo bwana kazini. Akitoka msituni kabla ya adhana ya adhuhuri, watazungumza. Asipotoka, jioni hiyo hiyo angempigia simu ndugu yake wa Tiwi na kuipokea posa ya binamu yangu. Huyo binamu ni kijana mwema. Hana kosa lolote isipokuwa moja tu, kwamba si Najib.

Basi tukaja na pikapu yetu ya nazi, Baba amevaa koti jeusi na kofia ya vito utadhani anakwenda kuoza, na mimi na raba zangu chini ya buibui. Mwenyeji wetu alikuwa Dama, mama wa Kiduruma anayefanya kazi na Najib. Yeye hukaa langoni na daftari lake na birika la chai. Wageni huingia asubuhi na baiskeli zao za mlimani, hupanda hadi mgongo wa kilima ambako bahari inaonekana yote mpaka Kisiwani, kisha huteremka kwenye mto na kurudi kwa njia nyingine. Ni mwendo wa saa tatu kwa mwenye miguu.

"Na huyu Najib, kazi yake ni ipi hasa?" Baba alimwuliza.

"Najib ndiye mkia, Mzee."

"Ndiye nini?"

"Mkia. Alfajiri anaingia kufunga vile vitambaa vya manjano kwenye matawi, watu wajue pa kupita. Halafu anakuwa wa mwisho nyuma ya wote. Anayeanguka, anamwinua. Aliyepata pancha, anamzibia. Na akitoka anafungua vitambaa vyake, asiache takataka msituni. Hapa kwetu alama haiguswi na mtu mwingine, mkia peke yake ndiye huitoa."

Baba alikunywa chai yake taratibu. "Nimekaa miaka sitini na minne," akasema, "sijapata kusikia mtu amemwoza bintiye mkia."

Dama alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu, macho yangu yakiwa njiani.

Wageni wakaanza kutoka. Wawili, kisha wanne, kisha kundi la wanawake watatu waliojaa vumbi na furaha. Kila baiskeli iliyochomoza nilisimama, na kila nilipoona si yeye nilikaa. Dama alikuwa akiweka alama daftarini. Walipofika kumi na mmoja kalamu yake ikasita.

"Kuna mmoja bado. Kamau, yule wa Nairobi."

Saa sita na robo simu yake ikalia. Nilimwona akiibana sikioni, akapiga kelele, "Wasema? Sema tena!" Halafu akaitazama. Ilikuwa imekatika.

"Ni yeye?" nikauliza.

"Ni Najib. Sauti yakatika katika. Nimesikia mguu. Nimesikia machela. Na akasema fuateni alama."

"Mguu wa nani?"

"Hilo sikulisikia," Dama akasema. Nilimwona Najib kwa macho ya moyo, amelala chini mahali fulani, peke yake, na tabasamu lake lile la upande mmoja limeondoka usoni. Wallahi kama ningeambiwa wakati ule niolewe Tiwi ili yeye awe mzima, ningekwenda Tiwi kwa miguu.

"Naenda kijijini kutafuta watu wa kubeba," Dama alisema, tayari amekwisha kuichukua machela ukutani. "Nitawafuata kwa nyuma. Fuata vitambaa, mama, usiache njia."

Ndipo adhana ikasikika kutoka msikiti wa bondeni. Baba alisimama, akapangusa koti.

"Adhuhuri hiyo," akasema.

"Baba, huenda ni yeye aliyeumia."

"Na huenda si yeye. Ahadi ni ahadi, Mwanarusi."

"Basi wewe rudi, mimi naingia."

"Peke yako? Humo? Thubutu!"

Nilikunja buibui, nikaingia. Sijawahi kumpa Baba mgongo maishani mwangu, na nilitembea hatua ishirini nikiwa na hakika ataniita kwa sauti ya kunirudisha. Badala yake nilisikia viatu vyake vya ngozi vikikanyaga majani makavu nyuma yangu.

"Sala tutasali huko mbele," alinung'unika. "Nenda. Usikimbie, utavunjika nawe, tuwe na miguu miwili ya kubeba."

Njia ilikuwa nyembamba, upana wa tairi na kidogo. Miti ya mbambakofi ilifunga juu, jua likashuka vipande vipande. Vitambaa vya manjano vilituongoza, kimoja hapa, kimoja kwenye kona. Baba, mkulima, alikuwa akitaja kila mti kwa jina kana kwamba anawasalimu majirani. Mimi nilitaja jina moja tu, kimoyomoyo.

Tukafika penye njia panda. Vitambaa vya manjano vilikwenda kushoto, kuelekea mtoni. Kulia kulikuwa na kijia kilichomea nyasi, na nyasi zake zimelazwa na tairi. Na kwenye tawi la kwanza la upande huo kulikuwa na kipande cha nguo kimefungwa. Hakikuwa cha manjano. Kilikuwa chekundu, cheusi na cheupe.

Nilikijua kabla sijakikaribia. Kilikuwa kisutu cha Mama.

Nieleze hapa, maana bila hili hamtajua nilivyoungua. Mama alipokuwa akiugua aliniachia doti yake ya kisutu, leso mbili alizoolewa nazo. Aliniambia niziweke mpaka siku yangu. Miezi sita iliyopita mimi, binti asiyejua kusubiri, nilizitenganisha. Kipande kimoja nikakiacha sandukuni kwangu, kimoja nikampa Najib, naye hakitoi mkobani mwake. Nilimwambia, "Hii ni amana. Siku zikikutana tena, tutakuwa mume na mke." Baba hakuambiwa. Kisutu kimetoka nyumbani kwake bila yeye kujua, kwa mwanamume ambaye alikuwa bado hajamkubali.

Na sasa kimechanwa, kinaning'inia porini.

Najib, umefanya nini? Hilo lilikuwa wazo la kwanza. La pili lilikuwa la woga mtupu: Baba asikione. Alikuwa hatua kumi nyuma, ameinama akitoa kijiwe kiatuni. Nikafungua fundo kwa vidole na meno, nikakitia kifuani.

"Una nini hapo?"

"Mwiba, Baba."

"Njia ni ipi?"

"Ya kulia. Nyasi zimelala, hata tairi yaonekana."

Tukaendelea. Kipande cha pili kilikuwa kwenye kichaka. Nikakichukua. Cha tatu kwenye mzizi uliojitokeza nje. Nikajifanya nafunga kamba za raba, nikakichukua. Kila nilichokichukua nilijiambia Dama anaujua msitu, hahitaji matambara. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Cha nne kilifungwa juu sana, mkono wa Najib mrefu ulikofika. Wangu haukufika. Kilicheza kwenye upepo, na pembeni mwake niliona alama ya kahawia ya pasi ya makaa. Nikageuka haraka.

"Baba, tazama, kima! Kule, mle!"

Baba alitazama kule nilikoonyesha. Alitazama kwa muda.

"Simwoni," akasema.

"Amekwisha kukimbia."

"Ehe. Kima ni wepesi."

Tukapita chini ya kile kitambaa, mimi nikihema kama niliyebeba gunia. Halafu tukasikia kipenga. Kilikuwa karibu, chini ya korongo. Nikakimbia licha ya kuambiwa nisikimbie, nikateremka nikishikilia mizizi, na hapo nikamwona.

Alikuwa mzima. Alikuwa amepiga magoti, kifua wazi, anamshikilia mtu mguu. Shati lake lilikuwa limezungushwa kwenye goti la yule mtu pamoja na vijiti viwili, na damu imepenya. Aliinua uso, na macho yetu yakakutana. Sijui ilikuwa muda gani. Najua tu kwamba lile jina la kimoyomoyo lilinitoka kwa sauti.

"Mwanarusi? Wewe umefikaje huku?" Kisha akamwona Baba nyuma yangu, akajaribu kujifunika kifua kwa mikono yenye damu. "Asalaam aleikum, Mzee. Nisamehe. Nimechelewa tena."

"Waleikum salaam." Baba alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Huyu ndiye mgeni?"

"Ni mimi, mzee," yule mtu akasema, uso wake mweupe kama unga. "Naitwa Kamau. Hii mguu imekataa kabisa. Nilipita njia mbaya nikaanguka na baiskeli. Huyu kijana angeniacha saa hii ningekuwa nimemalizika."

"Dama yu nyuma yenu?" Najib aliniuliza. "Damu haijasimama vizuri. Anahitaji kutoka sasa. Niliishiwa na vitambaa vya manjano, ikabidi..." Alisita, akanitazama mimi peke yangu, na macho yake yakaomba msamaha. "Ikabidi nitafute kitu kingine. Lakini alama ziko kutoka njia panda mpaka hapa, watafika moja kwa moja. Mmeziona?"

Nilishika kifua, penye vile vipande.

Ndipo tukasikia sauti ya Dama, ile sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Najiiib!" Ilikuwa mbali. Ilikuwa upande wa mto, tena ikizidi kwenda. Walifika njia panda, wakaona manjano kushoto, na kulia hakuna kitu. Watu wenye machela yao walikuwa wanafuata alama kama walivyoambiwa, wakituacha.

Najib akapiga kipenga. Mwangwi ulirudi kutoka pande zote za korongo, hakuna ambaye angejua unatoka wapi.

"Haiwezekani," akasema. "Nilifunga nne. Nilizifunga vizuri."

Kamau alifumba macho. Nilimtazama jasho likimtoka, nikamtazama Najib, nikamtazama Baba. Nilikuwa nikijua kwamba nikifungua kinywa, Najib nampoteza. Baba angejua nimempa mtu kisutu cha marehemu kwa siri, na kwamba huyo mtu amekichana. Jioni simu ingepigwa Tiwi. Nikikifunga, huyu mtu asiyenijua angelala hapa akimwaga damu kwa sababu ya aibu yangu.

Nikatia mkono kifuani. Nikatoa vipande vitatu.

"Nilizifungua mimi, Baba. Hii ni leso ya Mama. Nilimpa mimi, miezi sita sasa. Niliona haya, sikutaka uzione."

Najib aliinamisha kichwa. Baba alinyoosha mkono, akavipokea, akavisugua kwa kidole gumba. Nilingoja kofi, au lile neno moja ambalo likisemwa na mzazi halirudi.

"Zirudishe," akasema.

"Baba?"

"Zirudishe zilipokuwa! Mtu anakufa hapa nawe wanitazama? Nenda!"

Nikapanda korongo kwa mikono na miguu. Alikuwa nyuma yangu, mzee wa miaka sitini na minne na koti lake. Penye mzizi akafunga kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Kichakani akafunga cha pili. Njia panda akachagua tawi la mbele, lililo wazi kabisa, akafunga cha tatu kwa fundo la mkulima. Kisha akaweka mikono kinywani, akamwita Dama kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Akaita tena. Mara ya nne Dama akaitika, na sauti yake ikaanza kurudi.

Tukakaa pale kungoja. Kumngoja Dama kulikuwa kugumu, kukaa na Baba kulikuwa kugumu zaidi.

"Ulimpa kabla ya kuniuliza," akasema, hanitazami.

"Kabla ya kukuuliza, Baba."

"Na kile cha juu, chenye alama ya pasi?"

Nilishtuka. "Ulikiona?"

"Mwanangu, ile pasi niliishika mimi. Wiki ya harusi yetu nilitaka kumfurahisha mama yako, nikampigia pasi kisutu, nikakiunguza. Nikataka kumnunulia kingine akakataa. Aliolewa nacho hivyo hivyo." Akang'oa mbegu ya nyasi kwenye suruali. "Nilikiona kabla hujanionyesha kima. Nikasema, ngoja nimwone ataniambia lini."

Nililia. Sikulia kwa sauti, lakini nililia hasa, nikijifuta kwa ushungi.

"Nilikuja hapa kumpima yeye," Baba akasema. "Kumbe wa kupimwa alikuwa wewe."

Sikuthubutu kuuliza nimepata ngapi.

Dama alifika na wanaume watatu, wa nne hakupatikana. Hivyo Najib ikambidi ashike pembe ya nne ya machela. Baba alivua koti lake akamtupia. "Vaa. Mtu haji kunisalimu kifua wazi." Walimwinua Kamau polepole, akaguna, wakaanza kupanda. Penye ukingo Najib akageuka, akaangalia nyuma kwa wasiwasi.

"Sina mkono wa kufungua alama. Nani atakuwa mkia?"

"Nendeni," Baba akasema. "Nitakuja."

Tulitangulia. Nilitembea karibu na machela, nikimpa Kamau maji kwa kifuniko cha chupa, na kila mara nikitazama bega la Najib ndani ya koti la baba yangu. Mikono ilikuwa mifupi, vifungo havikufika. Hakunisemesha mpaka karibu na lango.

"Shati nililifunga mguuni," alininong'oneza. "Sikuwa na nguo nyingine. Nilipoichana leso ile nilijua nakukata wewe. Nisamehe."

"Nyamaza, utajikwaa."

"Umenisamehe?"

"Beba mtu, Najib."

Lakini alinitazama usoni, akapata alichokuwa akikitafuta, kwa sababu lile tabasamu la upande mmoja lilirudi kidogo.

Gari la kumpeleka Kamau hospitali liliondoka. Wageni walitawanyika. Baba alikuwa bado hajatoka. Dakika kumi zikapita, ishirini. Sasa tulikuwa wawili tusiojua kusubiri, mimi natembea huku, Najib anatembea kule, Dama akitutazama juu ya birika lake. Nilijua akitoka ndipo atakaposema. Nikatamani atoke. Nikatamani asitoke.

Hatimaye akachomoza. Suruali imejaa mbegu za nyasi, kichwa wazi, na kofia yake ya vito ameishika mbele kwa mikono miwili kama bakuli. Ilijaa vitambaa vya manjano, na juu yake vile vya kisutu.

"Jioni nampigia simu ami yako," akaniambia.

"Utamwambia nini, Baba?"

"Nitamwambia wasisumbuke kuja."

Sikuelewa mara moja. Najib alielewa kabla yangu, nikamwona akishika ukingo wa meza ya Dama.

"Wewe," Baba akamgeukia. "Posa haipokelewi msituni. Ijumaa, baada ya Alasiri, uje Likoni na wazee wako."

"Inshallah, Mzee. Nitafika mapema. Wallahi safari hii..."

"Usiape. Ukichelewa, njoo vivyo hivyo. Nitajua kuna mtu ameanguka." Akachagua vile vipande vya kisutu kutoka kofiani, akamwekea mkononi. "Na uje na sindano na uzi. Amana uliichana, utaishona mbele yangu, kipande kwa kipande, mpaka ifanane na mwenziwe."

"Nitaishona, Mzee."

Nilivitazama vile vipande mkononi mwa Najib. Vilikuwa vitatu.

"Baba, cha nne umekisahau? Kile chenye alama ya pasi?"

Baba alikuwa amekwisha kuelekea kwenye pikapu. Aligusa mfuko wa shati, upande wa moyo, na hakugeuka.

"Hicho," akasema, "hakuna atakayekishona. Hicho ni changu."